Mtalii wa Mjomba Chilumba

Harufu ya mabibo yaliyochachuka ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Mkunya. Msimu wa korosho ukifika, mabibo yalilala chini ya mikorosho mpaka yakatoa ukali wa pombe, na sisi watoto tulipita tumeziba pua huku tukitafuna yale mazuri. Ni katika msimu kama huo, nikiwa darasa la nne, mjomba wangu Chilumba alipopata mtalii. Niseme wazi kwamba mjomba alikuwa mganga, tena mbovu kuliko wote waliowahi kubeba mkoba wa dawa pale Newala. Mkoba aliurithi kwa babu, kazi hakuirithi. Alizindika shamba la jirani yetu Mama Hadija, na asubuhi wezi walikuwa wamebeba korosho pamoja na chungu cha dawa. Mganga hajigangi, wanasema wahenga. Huyu wetu hata wenzake hakuwaganga. Watu walimcheka mbele yake, naye akacheka nao.

Kisha akaja Yohani, au hivyo ndivyo tulivyoweza kulitamka jina lake, mtu mrefu mwenye kamera kifuani, aliyetoka Ulaya kuja kuona wachonga vinyago. Kila alichoambiwa alijibu, "Safi sana!" Aliambiwa maji ni shida: safi sana. Aliambiwa nyoka wapo: safi sana. Aliposikia kwamba Chilumba ni mganga, hakutaka kiongozi mwingine. Mjomba alimzungusha mpaka Kitangari akimweleza kila mti unatibu nini, na nusu ya maelezo aliyatunga njiani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu alimsikiliza bila kumcheka. Nilimwona anatembea amenyoosha mgongo nikafurahi, maana nilimpenda sana mjomba.

Mwisho Yohani akataka kuteremka ukingo wa uwanda wetu wa juu kwa njia ya zamani ya wanawake wateka maji. Kwetu safari ya namna hiyo iliombewa kwa unga. Jioni unaumimina chini ya mti wa mizimu, unauacha umesimama kama kichuguu kidogo. Asubuhi ukiukuta mzima, wazee wameridhia. Ukiukuta umebomoka, unabaki nyumbani hata kama unakwenda harusini kwako. Mjomba aliumimina vizuri, na kulipokucha ulikuwa umebomoka upande mmoja. Mimi na bibi tulikuwa tunafagia uani. Tulimwona akichuchumaa, akauinua unga kwa vidole na kuulainisha mpaka ukawa kama wa jana.

"Chilumba," bibi alimwita, "wazee wamekataa. Kaeni leo."

"Mama, ni kuku tu amepita."

"Na huyo kuku nani kamtuma?"

Mjomba alisimama akipangusa vidole. "Mgeni anaondoka kesho, Mama. Nimwambie nini? Kwamba hata hili limenishinda?"

Wakaenda. Katikati ya mteremko Yohani aliacha njia kidogo ili apige picha ya bonde, jiwe alilokanyaga likang'oka, naye akaanguka nalo. Mjomba alimpandisha mgongoni peke yake, mtu aliyemzidi urefu na uzito, na walipofika juu shati lake lote lilikuwa damu. Yohani alikata roho kabla gari halijapatikana. Mjomba alikaa chini akashika mguu wa maiti akilia, "Nisamehe, mgeni wangu, nisamehe." Watu wengi walimsikia.

Polisi walisema ni ajali. Lakini bibi, kwa uchungu wake, aliwasimulia wanawake waliokuja kutupa pole habari ya ule unga. Alilalamika kama mama yeyote ambaye mwanawe hasikii la mkuu. Maneno yalitoka uani kwetu yakiwa ukaidi, yakafika sokoni yakiwa uchawi. Ikasemwa kwamba Chilumba amemtoa mgeni kafara ili dawa zake zipate nguvu. Waliosema ni walewale waliomcheka, na Mama Hadija alikuwa mbele yao walipokuja kuichoma nyumba ya Chilumba mchana kweupe. Mjomba alikimbilia upande wa mto Ruvuma, na mpaka leo hatujui kama alivuka au alikamatwa njiani. Bibi hakusimulia tena kitu mbele za watu mpaka anakufa. Hasira yangu haijaisha: walimkatalia uwezo wa kuponya hata mafua, wakamkubalia uwezo wa kuua.

Leo mimi ni mwalimu Masasi. Lami imefika, bomba linatoa maji siku likipenda, na watalii wanaoongozwa na simu zao hawahitaji mganga. Wanafunzi wangu hucheka nikiwasimulia habari za unga, nami nikadhani tumevuka. Kisha mwezi uliopita kijana wa bodaboda akafa barabara ya Chiungutwa, na kabla ya arobaini yake jina la shangazi yake, Mama Fidea, mjane mzee wa mtaani kwetu, likawa linazunguka kwenye simu za watu. Zamani uzushi ulitembea kwa miguu. Huu wa sasa ulifika kila nyumba kabla chai haijapoa. Majirani waliacha kumsalimia. Jumamosi nilibeba mkeka wangu nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama barabarani nyuma yangu. "Wewe huogopi?"

"Naogopa, mama," nikasema, nikatandika mkeka mlangoni kwake, nikakaa.