Tembe Baada ya Amina

"Umemeza dawa leo asubuhi?" aliniuliza mhudumu wa maabara hapa Homa Bay.

"Nimemeza, sista," nikajibu kwa majivuno. "Tangu nitolewe uvimbe chini ya ubongo, sijaruka hata siku moja."

Akaweka sindano chini. Alitaka kupima kama mwili wangu umeanza kujitengenezea homoni ninayoipata kwenye tembe, na nilikuwa nimeagizwa nije kabla ya kumeza. Kumbe nyumbani tulishikana mikono mezani, mke wangu akakiombea kipimo hichohicho, nikaitikia "Amina" na kumeza tembe, kama kila siku. Mimi, ninayewahimiza ninyi wasomaji kwenye safu hii kila wiki mfuate maagizo ya daktari!

Muuza samaki aliyenifuata kwenye foleni, aliyenisikia nikimsimulia sista hayo yote, akatikisa kichwa. "Mzee, Mungu alisikia hiyo maombi. Ni wewe hukusikia."