Sapu Kapata Nafasi, Mia Yuko Akiba

"Huyu hata kipimo cha mimba yake kilirudiwa! Tangu tumboni mwa mama anarudia! Halafu leo ndiye msomi wa nyumba hii?"

Anayelalamika ni Mia, mpwa wangu mkubwa. Jina hilo tulimpa akiwa darasa la pili, maana kila karatasi aliyoleta nyumbani ilikuwa mia kwa mia, na mama yake akazibandika ukutani mpaka rangi ya ukuta tukaisahau. Anayelalamikiwa ni mdogo wake, kakaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Huyo tunamwita Sapu. Mwaka wa kwanza chuoni alifeli masomo matano kati ya manane, akafanya mitihani ya marudio, ile wanafunzi wanayoiita sapu, akafeli tena miwili, akarudia tena. Alimaliza kwa kujikokota, na wastani ambao hata shangazi yake wa kujisifu hakuthubutu kuutaja harusini.

Mia ndiye aliyemwingiza kazini, kwenye maabara ya kupima maji. Mia msimamizi, Sapu muosha chupa. Aliosha chupa za sampuli miaka miwili ndipo akaruhusiwa kupima. Hapo akaanzisha daftari lake. Kila kosa, saa haikuandikwa, chupa haikukauka, hafuti. Analiandika kwa kalamu nyekundu, na pembeni anaandika limetokeaje. Mia alilicheka sana lile daftari. "Mwenzenu anafuga makosa kama kuku."

Mwaka huu wote wawili wakaomba masomo ya uzamili, kozi ileile, chuo kilekile. Kwenye usaili Mia akaingia kwanza. Wakamwambia, tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini. Akajibu, "Sijawahi." Wakamshukuru. Alinisimulia mwenyewe siku ileile, kifua mbele. Sapu akaingia na daftari. Wakamuuliza kuhusu ule mwaka wa kwanza, akasema, "Nilikariri kitabu kizima, mtihani ukauliza kitu kingine." Alikaa humo saa nzima na nusu, mpaka wakaletewa chai.

Majibu yakatoka Jumatatu. Sapu kapata nafasi. Mia yuko akiba, namba moja. Mtu mmoja tu akijitoa, Mia anaingia. Na fomu ya kukubali, iliyomo mkobani mwa Sapu, mwisho wa kuipeleka chuoni ulikuwa leo hii, saa sita mchana.

Basi tangu Jumatatu Mia halali, hali. Ukimpa chai anachungulia kikombe cha mdogo wake, kisije kikawa kimejaa zaidi. Simu ya pongezi ikiingia, yeye anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nisimcheke sana. Hata mimi niliyeishia darasa la saba, nilipoiona ile barua yake ya chuo yenye mhuri kuna kitu kilinikwaruza kifuani.

"Mia mwanangu, shusha sauti," nikamwambia. "Majirani watadhani tumeibiwa."

"Si tumeibiwa, mjomba? Nafasi yangu imo kwenye mkoba ule!"

"Barua haina jina lako, dada," Sapu akasema polepole.

"Ingekuwa nalo, kama wasingependa hadithi za majanga! Miaka kumi na sita sijashuka chini ya tisini. Nayo ni dhambi?"

"Si dhambi. Walikuuliza swali jepesi tu."

"Nitunge kosa? Nidanganye?"

"Zile sampuli za kisima cha shule, zilizochanganyika. Nani alibandika lebo?"

Mimi habari hiyo sikuwa nayo. Mia akaitazama meza.

"Tulipima upya," akasema. "Hakuna aliyejua."

"Mimi nilijua. Nikaandika kwa nyekundu kwamba ni mimi. Ulikuwa unangoja kupandishwa cheo."

"Na kule kwenye usaili?"

"Ndilo walilouliza zaidi."

Mia akaruka kutoka kwenye kochi. "Mjomba, umesikia? Kaingia kwa kosa langu! Hata kosa langu kaniibia, na nililokuwa nalo ni hilo hilo moja!"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Sapu hakucheka. Mia naye akageuka ghafla, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mdogo wake. Tangu azaliwe sijamwona hivyo.

"Nipishe, mdogo wangu," akasema. "Wewe kurudia umekuzoea. Mwakani utaomba tena, watakuchukua, wanakupenda. Mimi kurudia sijui. Nikianza leo nitafia hapo hapo."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini. Sapu akainuka, akauweka mkoba begani.

"Niambie basi," Mia akasema. "Unaipeleka hiyo fomu au huipeleki?"

Sapu akafungua mlango, akatoka. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, si haraka wala si polepole.