Chakula Mezani Kabla ya Sindano: Asubuhi Yangu Aveiro

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo ya uangalizi wa wazee huko Springfield, ughaibuni, Mkurugenzi alinikabidhi kurasa nne za maagizo akaniuliza kama nimezielewa. Nilizitazama kwa muda ambao msomaji angezitazama, kisha nikaitikia. Sikuwahi kuketi darasani. Namba nilizijua sokoni Kigoma. Herufi sikuzijua, wala sikumwambia mtu. Nawaeleza haya ninyi mnaoanza kazi hii, na nimemwamuru mjukuu wangu ayaandike bila kunipamba.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa Nairobi, mkali.

"Mama Tausi, mzee wako ako na sukari. Hapa hakuna story mingi. Chakula kwa meza, ndio sindano. Umeshika?"

"Nimeshika, Mkurugenzi."

"Hebu sema."

"Chakula mezani, ndipo sindano."

Mzee mwenyewe alikuwa Bwana Afonso wa Arlington, mji wa jirani, seremala mstaafu. Alijidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, kwa mkono wake. Kazi yangu ilikuwa kumpima damu kidoleni, kuhakikisha sahani iko mbele yake, na kutembea nusu hatua nyuma yake upande wa mguu dhaifu, ili akiyumba aniangukie mimi. Mwaka wa nne alitaka kuuona mji aliozaliwa, Aveiro, katika pwani ya Ureno, na wanawe wakaomba nimsindikize. Mkurugenzi akanipa karatasi yenye anwani ya nyumba tuliyopangiwa.

"Iweke kwa kifua. Ukipotea, uisome."

Niliiweka kifuani.

Mgeni afikaye Aveiro hukuta mifereji ya maji ikipita katikati ya mji, na mashua ndefu zenye pua zilizoinuliwa na kupakwa rangi. Zamani zilivuna mwani wa kurutubisha mashamba. Siku hizi hubeba watalii. Nje ya mji maji ya bahari huachwa yakauke katika vidimbwi, na chumvi hurundikwa mafungu meupe. Wenyeji hutengeneza vitamu vya kiini cha yai na sukari, vilivyofungwa katika ganda jembamba. Mbele zaidi, kati ya wangwa, ile nchi tambarare ifunikwayo na maji ya chumvi, na bahari kuu, upo ukanda wa mchanga uitwao Costa Nova, ambako nyumba za mbao zimepakwa mistari ya rangi kutoka juu hadi chini. Huko ndiko tulikolala.

Tulifika jioni. Nyumba yetu ilikuwa na mistari myekundu na jina limeandikwa kwenye kigae mlangoni. Nilishika rangi; jina sikuweza kulishika.

Asubuhi saa mbili ilipofika, Bwana Afonso alitoa sindano yake. Kabatini kulikuwa na kahawa na chumvi tu. Duka la mikate lilikuwa karibu, nami nikaona hatua hizo chache si kitu.

"Jidunge, Bwana. Narudi sasa hivi."

"Usichelewe," alisema. "Na uniletee vile vitamu. Daktari wangu yuko mbali."

Nilinunua mkate na vitamu. Nilipotoka, ukungu ulikuwa umetanda kutoka baharini, na nyumba zenye mistari myekundu hazikuwa moja. Nilijaribu ufunguo katika mlango wa kwanza, ukakataa. Mlango wa pili, mtu alinifokea dirishani kwa Kireno. Simu nilikuwa nimeiacha karibu na kitanda chake. Nilikimbia, mimi ambaye sikukimbia tangu ujana wangu, nikijua kwamba dawa inashusha sukari na tumboni mwake hamna kitu. Akilini nilimwona akitetemeka, kisha akilala, kisha asiamke. Karatasi ilikuwa kifuani wakati wote huo. Nilipita watu watatu bila kuitoa, kwa sababu kumpa mtu karatasi akusomee ni kukiri.

Mbele ya kibanda cha samaki niliona mwanamke akimimina barafu. Niliitoa. Niligusa macho yangu, nikatikisa kichwa, kisha nikachoma tumbo langu kwa kidole kama sindano. Aliisoma mara moja, akaiacha ndoo yake, akanishika mkono na kunivuta hadi mlango wa nne.

Bwana Afonso alikuwa sakafuni, ameegemea kiti, shati limelowa jasho. Nilimtia kitamu kimoja mdomoni, kisha cha pili. Baada ya muda alinitazama.

"Umekwenda kuvioka mwenyewe?" akauliza.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Mkurugenzi nikamwambia yote.

"Mama, na zile karatasi zangu zote ulikuwa unasaini?"

"Nilikuwa nachora, Mkurugenzi."

"Rudisha mzee. Hiyo ingine tutaongea."

Tuliporudi hakunifukuza, lakini safari alininyima. Tangu siku hiyo alimsomea kila mfanyakazi mpya maagizo kwa sauti, mwenye shahada na asiye nayo, na ndivyo ilivyokuwa hadi nilipostaafu.

Watu hunisifu kwamba nilimwokoa mzee. Nawakataza. Bwana Afonso aliishi miaka mingine sita kwa sababu muuza samaki alikuwa amefungua kibanda mapema. Hadi leo, ikifika saa mbili asubuhi, huwaza ingekuwaje kama angechelewa kufungua.