Bibi Aliyeninyima Marahaba

Jamani, mwenzenu nimeumbuka. Juzi shangazi alifungua maonyesho kwenye duka lake la sanaa hapa Utemini. Jikoni nikala sambusa sita za wageni, nikamsingizia paka, maskini akafungiwa nje.

Naingia ukumbini, nakuta bibi kajitanda kanga, kaketi kwenye kigoda, kanipa mgongo.

"Shikamoo bibi."

Kimya. Nikapiga goti.

"Shikamoo!"

Kimya. Huku kwetu mkubwa akikunyima marahaba, ujue una kesi.

"Bibi, nisamehe. Sambusa nimekula mimi, paka hana kosa. Naomba usimwambie shangazi."

"Marahaba," sauti ya shangazi ikaitikia nyuma yangu. "Inuka, mwanangu. Hiyo ni sanamu, inauzwa. Radhi kamwombe paka."