Kumi na Mbili Mbele ya Sita

Nilipoanza kazi, mwaka wa sabini na tatu, mama yangu kule Mvara alidhani nimeajiriwa kugawa chai. Sikumsahihisha. Klabu ilikuwa mjini Arua, na nilichogawa ni karata, mchezo wa ishirini na moja. Meneja, sajini mstaafu mwenye sauti ya gwaride, alinikabidhi karata akasema, "Binti, hapa kwa meza hakuna ndugu, hakuna rafiki. Mikono yako sasa iko ya klabu."

Niwaeleze wajukuu, ninyi mnaodhani huu ni mchezo wa bahati tupu. Karata za picha ni kumi kila moja. Ree, ile yenye herufi A, ni moja au kumi na moja, upendavyo. Anayeikaribia zaidi ishirini na moja ndiye mshindi, ila ukiipita umekufa. Mgawaji huonyesha karata yake moja, ya pili huificha. Naye hana hiari: akiwa na kumi na sita au chini lazima aongeze, akifika kumi na saba lazima akome. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili hutazama karata yangu kabla ya kuamua. Nikionyesha nne, tano au sita, mimi ndiye niliye karibu kufa. Akiwa na kumi na mbili au zaidi, atulie. Nikionyesha saba kwenda juu, aongeze mpaka kumi na saba. Jozi ya nane aitenganishe. Hayo hayampi mtu ushindi kila mara, humpunguzia hasara tu.

Wateja wetu wengi walikuwa askari, na kwao kutulia ilikuwa aibu. Mtu ana kumi na tano, nami nimeonyesha tano, bado anapiga meza: "Ongeza! Mimi naogopa karata?" Basi anakufa kishujaa, klabu inanenepa.

Ramadhani alikuwa fundi cherehani, Mnubi wa Koboko, aliyetushonea sare. Alinipenda, nami nilimpenda zaidi, ila nilijua kuficha. Alasiri klabu ikiwa tupu nilimfundisha hayo yote.

Jumamosi moja Meneja akamtania: yeye Meneja alikuwa na cherehani stoo, basi fundi naye aweke yake dau, wacheze mara moja tu. Ramadhani akaninong'oneza, "Mbili iko nzuri. Moja yangu, moja yako. Tutafungua duka Koboko."

Nilichanga karata. Nikamgawia kumi na mbili. Mimi nikaonyesha sita.

"Ongeza, fundi!" askari wakapiga kelele. "Wewe iko mwanamke?"

Aliweka mikono mapajani. "Imetosha," akasema.

Nilitamani kumkumbatia. Nikafunua karata yangu ya pili: mfalme. Kumi na sita. Lazima niongeze. Nikavuta, ikaja tano.

Cherehani ikabebwa kwenda stoo huku watu wakicheka. Ramadhani akanitazama mimi tu. "Nilifanya vizuri?"

"Ulifanya vizuri sana."

Meneja akafoka, "Nilisema hapa hakuna rafiki!"

"Huyu si rafiki, afande," nikamjibu. "Huyu bwana yangu, bado harusi tu."

Hata Meneja alicheka, ingawa cherehani hakuirudisha. Gauni langu la harusi Ramadhani alilishona kwa mkono, jioni baada ya jioni, na mishono yake ilipanda na kushuka kama njia ya Logiri. Ninalo mpaka leo.

Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa klabu ilifungwa, tukakimbilia Sudani, na kukimbia huko ndiko kustaafu kwangu. Sijagawa karata tena. Ramadhani aliendelea kushona, mpaka macho yalipoanza kumwishia, nikawa namtungia uzi kwenye sindano.

Juzi daktari alituambia macho hayo hayatarudi. Dawa zote alizitumia kama alivyoelekezwa, hata moja hakuiruka. Tulipotoka nje alinishika mkono, akasimama kidogo.

"Mama, mimi nilifanya vizuri?"

"Ulifanya vizuri sana," nikamwambia, nikamwongoza kuvuka barabara.