Picha juu ya mawe ya Majengo

Juzi kule Majengo, hapa Goma, nilikuta mukwe wangu anatembeza wageni wanne kwa miguu, akiwaonyesha namna volkano ilivyokula muji. Nikawafuata nyuma, munanijua, sipendi kupitwa na habari. Akawapandisha juu ya mawe meusi ya ile volkano, akasema kwa Kifaransa, «Hapa palikuwa na nyumba. Watu wote walikimbia.»

Mama mumoja aliyekuwa anafua nguo karibu akasimama, mikono imejaa povu.

«Papa, mama yangu hakukimbia. Yuko hapo chini ya miguu yao. Uwaambie washuke.»

Mugeni akauliza anasema nini.

«Anawakaribisha,» mukwe akajibu. «Anaomba mupige picha.»

Wakashikana mabega, wakacheka, wakapiga. Yule mama akangoja washuke.

Kifaransa changu ni cha shule ya primaire, lakini siku ile kilitosha. Ningeweza kusema. Ila mukwe haaibishwi mbele ya wageni, basi mimi ninayesema mambo ya kila mutu Goma, nikaangalia viatu vyangu.

Jioni mukwe alituletea sambaza, wale samaki wadogo, kwa pesa za ile kazi. Nilikula, tena niliongeza.