Jovitha wa Malipo ya Alhamisi

Ukisema fundi wa kompyuta hapa Mtaa wa Sikukuu, watu wanafikiria mtu wa kubadilisha vioo vya simu. Jovitha hakuwa huyo. Jovitha aliandika programu ya mahesabu, hii inayotumika leo kwenye maduka mengi ya jumla, na aliiandika katika chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka langu la mabegi. Namsimulia mimi, Hafidhi, kwa sababu siku hizi kila mwenye mdomo anasema yule dada aliingizwa mjini kwa ushamba wake. Uongo. Jovitha aligeukwa, tena na watu aliowaita ndugu.

Miaka sita iliyopita alishuka dukani kwangu mara ya kwanza, daftari mkononi, miguuni viatu vya mtumba vya Mchikichini vilivyovipita vyangu vya dukani. Akaniamkia, akaomba kukaa. Akakaa siku tatu. Kuhusu kompyuta hakuuliza kitu. Aliuliza namlipa nani, lini, na kwa nini huyu namwekea hela kwenye akaunti ya mkewe na yule kwenye akaunti ya kaka yake. Nikamwambia ndiyo Kariakoo hiyo. Mtu anakuuzia zipu yeye, hela unamwekea shemeji yake, kwa sababu akaunti yake ina mkopo na benki itakata juu kwa juu. Sisi hatushangai. Yeye alishangaa kidogo, akaandika.

Kazi iliyomsumbua zaidi ilikuwa malipo ya mkupuo. Sisi wa jumla tunalipa Alhamisi, na mimi peke yangu nina watu thelathini na kitu: wa zipu, wa kamba, wa katoni, wa gari, wa kupakua. Zamani siku hiyo nilikuwa nafunga duka nusu siku nikipanga foleni benki na rundo la fomu. Jovitha alitaka niketi, niwaone wote kwenye kioo kimoja, niidhinishe mara moja, programu itoe faili moja la kwenda benki. Kila mlipwaji mstari wake: jina, akaunti, benki, kiasi, na maelezo ya malipo ni ya nini.

Toleo la kwanza lilitugombanisha. Alikuwa amepanga kwamba mstari wa malipo hauna habari zake wenyewe, unachungulia tu kadi ya mtu, ule ukurasa wenye jina na akaunti yake. Sasa Khalfani, anayeniletea zipu, alikuwa analipwa kwa akaunti ya shemeji yake. Wakakosana, Khalfani akaleta namba ya akaunti ya mkewe, tukabadilisha kwenye kadi. Mwezi ulipokwisha tukafungua malipo ya nyuma, na yote, hata ya miezi mitatu iliyopita, yakaonyesha yalikwenda kwa mke. Shemeji akaapa hajawahi kupokea senti, na kompyuta ikawa shahidi wake. Khalfani alikuja dukani na ndugu zake wanne kudai hela ya miezi ile.

Nilipanda juu nikiwa nimefura. Jovitha akanisikiliza mpaka mwisho.

“Kaka Hafidhi, hapa nimekosea mimi. Nilidhani mtu na akaunti yake ni kitu kimoja.”

“Huko kwa wenzetu labda.”

“Hapa ni vitu vitatu. Kuna unayemlipa, kuna mwenye akaunti, na kuna malipo yenyewe. Malipo yakishaidhinishwa yabebe habari zake yenyewe, kama risiti. Kadi ikibadilika kesho, ya jana yasiguswe.”

“Hata na wewe?”

“Hata na mimi.”

Akaifumua yote, akaiandika upya kwa wiki mbili. Alikwenda mpaka benki kuomba nakala za uthibitisho, akarudisha kila lipo la nyuma kwenye akaunti yake halisi. Shemeji akanyamaza. Tangu hapo sijasikia ugomvi wa namna ile, wala kwangu wala kwa jirani, na ndipo mtaa ukamwita Jovitha wa Alhamisi.

Sasa Tarsis. Huyu alikuwa mwenzake: Jovitha anaandika, Tarsis anauza. Na kuuza alijua, siwezi kumnyima. Alikuwa na domo la kumuuzia mtu koti la baridi mwezi wa pili. Wote wawili ni watu wa Rombo, parokia moja, na Beno, mtoto wa Jovitha, alipobatizwa, Tarsis ndiye aliyemsimamia kanisani. Kwenye sherehe pale Tabata nilikuwepo, nikala ndizi na nyama. Tarsis alishika kipaza sauti akasema mbele ya watu wote kwamba programu ni yake na Mama Beno, nusu kwa nusu, na kwamba Beno atasomeshwa nayo. Vigelegele vikapigwa. Karatasi haikuandikwa. Ungeanzaje kumwambia baba wa ubatizo wa mwanao kwamba mwandikiane?

Miaka yote hiyo Tarsis alimpa Jovitha kiasi cha kujikimu kila mwezi, akisema kilichobaki kinakuza biashara. Jovitha akaamini. Alikuwa na nusu yake, haraka ya nini.

Mwaka jana kampuni moja yenye ofisi kule mjini Posta ikataka kuinunua programu. Waliipenda kwa sababu ya Alhamisi zetu, waliniambia wenyewe walipokuja kuniona nikilipa. Jovitha alianza kutembea tofauti. Alikuwa na kiwanja Chanika kilichosimama kwenye msingi, na aliniuliza bei ya bati kana kwamba mimi nauza bati. Nusu yake ingemaliza nyumba ile na kumfikisha Beno mbali.

Hapa nami naingia. Ningependa kuiruka sehemu hii, lakini nimeshaanza.

Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Nimeshatawadha, kanzu mwilini, natafuta kofia. Tarsis akaingia na karatasi mbili na kalamu imeshafunguliwa.

“Shikamoo, Mzee Hafidhi. Nisainie hapa, ushahidi tu. Wale wa Posta wanataka jirani.”

“Ushahidi wa nini?”

“Kwamba mteja wa kwanza ni wewe. Si ni wewe?”

“Ni mimi.”

Nikasaini juu ya katoni la mabegi ya shule. Sikusoma. Kariakoo jirani akikuletea karatasi unasaini. Ukianza kuisoma mbele yake ni kama umemwita mwizi. Nimesaini za pango, za mikopo, za watoto wanaoenda bweni. Wafanyabiashara kumi na mmoja nimewadhamini benki kwa mtindo huohuo, na wao wangenisainia mimi hivyohivyo. Nikaweka kofia, nikaiwahi hotuba.

Wiki mbili baadaye wanunuzi wakatoa sharti la mwisho. Kabla hawajanunua, Tarsis alipe madeni yote ya ofisi, na ayalipe kwa programu yenyewe ili waione ikifanya kazi. Tarsis akaandaa mkupuo, akauidhinisha, akamwachia Jovitha kazi ya kukagua faili na kulipeleka benki. Mistari tisa. Mwenye nyumba, umeme, intaneti, mtu wa karatasi. Wa saba ulikuwa wa Jovitha mwenyewe.

Jina lake, akaunti yake, milioni moja na laki mbili. Kwenye aina ya mlipwaji pameandikwa kibarua. Kwenye maelezo: malipo ya mwisho.

Orodha ile ya aina za walipwaji aliiandika yeye. Neno mbia limo, mstari wa kwanza kabisa. Tarsis alilipita akashuka mpaka chini.

Angeweza kubadilisha. Yeye ndiye aliyejenga, alijua pa kupenya. Lakini malipo yalikuwa yameshaidhinishwa, na yaliyoidhinishwa hayaguswi. Akahesabu mistari tisa, akalinganisha jumla, akalituma faili kama lilivyo. Mimi ningeivunja ile kompyuta. Ndipo akainuka akaenda chumba cha pili, na hayo yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe.

“Kaka Tarsis, mimi ni kibarua?”

“Mama Beno, usilichukulie neno hivyo. Mambo ya karatasi tu hayo.”

“Na nusu yangu?”

“Nusu ipi? Umeiona wapi imeandikwa?”

“Uliisema kwenye ubatizo wa Beno.”

“Kwenye sherehe watu wanasema mengi.”

Kwa macho makavu. Mtu aliyemshika mtoto wake, aliyekula kwake kila Krismasi. Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa nakala ya karatasi, akampa, akamwambia kama ana swali amuulize aliyesaini.

Kesho yake, Jumanne, nimefungua tu duka, Jovitha akashuka.

“Shikamoo, kaka Hafidhi.”

“Marahaba, Jovi. Mbona mapema?”

Akaiweka juu ya kaunta. Ndiyo siku niliyoisoma. Mimi, Hafidhi, mfanyabiashara wa Kariakoo na jirani wa miaka mitano, ninatamka kwamba programu hii ilibuniwa na kuandikwa na Tarsis peke yake, na kwamba Jovitha alikuwa kibarua aliyelipwa kwa kazi. Chini yake sahihi yangu, na mkia wake mrefu ninaojivunia tangu shule. Nikaisoma tena tangu juu.

“Jovi, wallahi sikusoma.”

“Najua hukusoma. Ndiyo maana alikuletea wewe.”

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alinieleza taratibu, kama alivyonieleza mambo ya zipu. Wakili aliyemwendea jana yake amesema wanunuzi wanasaini Ijumaa. Nikienda kwake kabla ya hapo nikaapa kwamba ninaifuta kauli yangu kwa kuwa nilisaini bila kusoma, wanunuzi watasimama, na Tarsis atalazimika kukaa naye mezani. Bila hivyo hana kitu. Ofisi ya wakili ni mwendo wa dakika kumi kutoka dukani kwangu.

“Kesho asubuhi na mapema,” nikamwambia. “Hilo niachie mimi.”

Jumatano nilitoka. Nilifika mpaka kona ya Mtaa wa Mkunguni. Pale nikasimama, nikaanza kuhesabu. Nikiapa kwamba Hafidhi husaini bila kusoma, benki itauliza kuhusu wale kumi na mmoja niliowadhamini. Wataitwa mmoja mmoja. Watauliza nani amewachomea. Na mkopo wangu mimi, wa kontena la mabegi lililokuwa njiani, ulikuwa unasubiri mdhamini ambaye naye hajasoma chochote. Nikanunua maji, nikanywa, nikarudi dukani. Nikajiambia Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya malipo, mnajua. Jovitha alipiga simu mara mbili. Niliona jina lake kwenye kioo, nikaigeuza simu kifudifudi.

Ijumaa niliwahi msikitini kuliko siku zote. Nilipotoka nikakuta ujumbe: “Kaka Hafidhi, wameshasaini. Asante.” Hiyo asante niliisoma nikiwa nimesimama juani, viatu mkononi. Angeandika tusi ningelijibu. Mpaka leo sijajua niijibu nini.

Aliondoka Jumamosi. Alibeba kompyuta yake, feni, na picha ya Beno, akapita mlangoni kwangu. “Shikamoo.” “Marahaba.” Basi. Lile neno “kaka Hafidhi” halikuwemo, na wateja waliokuwepo hawakujua kwamba kuna kitu kimepungua. Nasikia sasa anaandika hesabu za watu wa mizigo upande wa Kivukoni, kwa mshahara, na kiwanja cha Chanika kinauzwa.

Tarsis namtukana kila siku. Namtukana kwenye kahawa, namtukana mbele ya wateja, na watu wanaitikia, kwa sababu kumtukana Tarsis ni rahisi na hakuna asiyejua alichofanya. Nikimaliza huwa narudi ndani nakaa nyuma ya mabegi. Yeye alikuwa na tamaa, na tamaa yake ilionekana. Mimi nilikuwa na siku tatu, na mwendo wa dakika kumi.

Alhamisi iliyofuata niliketi mbele ya kompyuta na watu wangu thelathini na wanne. Nikakagua majina, nikaidhinisha, faili likaenda benki. Mpaka alasiri hakuna aliyepiga simu kulalamika. Wote thelathini na wanne walikuwa wamepata haki yao.